Polisi wa Toronto na Meya Rob Ford, 2013: tetesi zilivyotangulia faili

Wakuu, heshima kwenu.

Nimeona sakata la Rob Ford likitajwa kwenye mada nyingine humu kwa namna mbili. Wengine wanalitoa kama ushahidi kwamba polisi wakiamua kumkamata kiongozi hawamkosi. Wengine wanasema magazeti yalimwonea mtu wa watu. Ford hakukamatwa, na magazeti hayakumsingizia. Kwa hiyo naomba nilielekeze jambo hili pole pole, kwa sababu linatusaidia kila tunaposikia kwamba meya fulani anachunguzwa.

Wakati ule nilikuwa naishi kaskazini mwa Etobicoke, magharibi mwa Toronto. Ford alitokea upande huo, na mengi ya haya yalifanyika huko. Sikuwa mwandishi wala sikuwa na mtu polisi. Nilisikia yaliyosemwa vibarazani na kwenye basi kama kila mtu, kisha nikasoma nyaraka za mahakama zilipofunguliwa. Ninachoamini ni hiki: kwa zaidi ya miezi mitano jiji zima lilibishana kama video ipo au haipo, wakati swali lenye uzito lilikuwa polisi wamemwapia nini jaji ili wapewe ruhusa ya kupekua. Na walioumia kwa ubishi ule hawakuwa wakubwa.

Ford alishinda umeya Oktoba 2010 baada ya kuwa diwani kwa miaka 10. Toronto ya leo ilizaliwa mwaka 1998, serikali ya jimbo la Ontario ilipounganisha manispaa sita kuwa jiji moja. Tangu hapo watu wa pembezoni walijiona wanalipa kodi na mipango inaishia katikati ya jiji. Ford aliwasemea hao. Alikuwa na desturi ya kuwapigia simu wananchi yeye mwenyewe: mtu analalamikia shimo barabarani au nyumba ya kupanga isiyo na joto, simu inaita, anakuta ni meya. Hilo msilidharau. Wahamiaji wengi wa upande wetu walimpenda kwa sababu hiyo, na kwao shutuma yoyote ilianza kupimwa kwa swali moja: wanaomshutumu wamewahi kunipigia simu?

Usiku wa Mei 16, 2013 tovuti ya Marekani iitwayo Gawker ikaandika kwamba kuna video inatembezwa kwa wanunuzi, inamwonyesha meya wa Toronto akivuta kraki, yaani ile kokeini ya kuvuta kwa kiko. Saa chache baadaye Toronto Star nao wakatoa yao. Waandishi wawili, Robyn Doolittle na Kevin Donovan, walikuwa wameiona video hiyo tangu Mei 3, ndani ya gari, kwenye simu ya muuzaji, sekunde 90 hivi, wakairudia mara tatu. Hawakupewa nakala. Mwenye nayo alitaka fedha nyingi, na gazeti halikulipa.

Gawker wakaanzisha mchango wa dola 200,000 kuinunua. Fedha zikatimia kabla Mei haijaisha, wauzaji wakawa wameshatoweka, na mwishowe mchango ule ukaenda kwa mashirika ya hisani ya Kanada.

Kilichobaki hadharani ikawa picha moja tu ya mnato: Ford amesimama usiku mbele ya nyumba ya matofali ya manjano, anatabasamu, amewakumbatia vijana watatu. Mmoja wa vijana hao alikuwa ameshauawa kwa risasi mwezi Machi nje ya klabu ya usiku katikati ya jiji.

Hapo ndipo ramli ikaanza. Mtu akaunganisha picha na mauaji, mwingine akaongeza video, na kabla wiki haijaisha nilishasikia kwenye basi simulizi kamili yenye muuaji, aliyemtuma, na sababu. Msimuliaji alikuwa na uhakika kuliko kachero yeyote.

Mei 24 Ford akasimama mbele ya waandishi akasema hatumii kraki wala si teja wa kraki, na kwamba hawezi kuzungumzia video ambayo hajawahi kuiona au ambayo haipo. Isomeni sentensi hiyo mara mbili. Ni kanusho la leo, halisemi lolote kuhusu jana. Watu wachache waliliona hilo siku ile ile. Wengi tulilipokea kama tulivyotaka kulipokea.

Nitaendelea, ngoja nitoke kazini.

---

Mchangiaji: Mkuu, sasa polisi walikuwa wapi muda wote huo? Si walikaa kimya wanamlinda?

---

Hapana ndugu, ndiyo sehemu ninayotaka watu waielewe.

Polisi wa Toronto walikuwa na kazi mbili tofauti, na vibaraza vilizichanganya. Ya kwanza iliitwa Project Traveller. Ilikuwa operesheni ya bunduki, dawa za kulevya na magenge iliyoanza kabla ya neno "video" kusikika, na ililenga majengo marefu ya barabara ya Dixon, Etobicoke. Ya pili iliitwa Project Brazen 2. Hii ndiyo ilimhusu meya. Ilianza Mei 18, siku mbili tu baada ya habari kutoka, chini ya mpelelezi wa mauaji mwenye uzoefu, Gary Giroux.

Alfajiri ya Juni 13 Traveller ikafikia kilele: milango ya Dixon ikavunjwa, watu kwa makumi wakakamatwa, wakiwemo vijana wawili waliokuwa kwenye ile picha. Kompyuta na simu zikachukuliwa. Katika vitu vile kulikuwa na diski moja ambayo mafundi wa polisi waliendelea kuichokonoa hadi Oktoba 29, ndipo wakafanikiwa kurudisha mafaili yaliyokuwa yamefutwa.

Tafakarini tarehe hizo. Tangu katikati ya Juni polisi walikuwa na diski yenye video ile mikononi, na wao wenyewe hawakuwa wameiona. Huku nje, aliyesema "polisi wanayo wanaificha" na aliyesema "haipo ni uzushi wa Star" wote walikuwa wanazungumzia kitu kilichokaa kwenye maabara bila kufunguka. Ukimya wa polisi haukuwa wa kulinda wala wa kumaliza mtu. Ilikuwa kazi haijaisha.

Na Brazen 2 haikulala. Walimfuatilia rafiki wa meya aitwaye Alexander Lisi, ambaye baadaye alishtakiwa, na kwa kumfuatilia Lisi wakawa wanamfuatilia meya. Walitumia magari, kamera na hata ndege ndogo aina ya Cessna. Kuna tukio la Julai kwenye kituo cha mafuta ambalo kila niliposoma lilinifanya nisimame: meya anafika na gari lake jeusi, anaingia ndani kwenda msalani. Lisi anakatiza uwanja akiwa na bahasha ya kaki, anaelekea upande wa abiria wa lile gari. Wanaondoka kila mtu na njia yake. Mara nyingine walikutana kwenye bustani ya miti, na walipoondoka makachero wakaenda kupekua pipa la taka wakatoa chupa tupu ya vodka.

Sasa ninyi wenyewe semeni, ndani ya bahasha kulikuwa na nini? Hakuna anayejua. Polisi hawakuisimamisha ile gari. Kila mtu niliyewahi kuzungumza naye kuhusu bahasha ile ana jibu lake, na hakuna jibu hata moja ambalo lingesimama mbele ya jaji.

---

Mchangiaji: Lakini mkuu lisemwalo lipo. Si alikuja kukiri mwenyewe?

---

Alikiri, Novemba 5, 2013, nje ya ofisi yake. Aliwaambia waandishi wamuulize tena swali la Mei, kisha akasema ndiyo, amewahi kuvuta kraki, pengine katika siku ambazo alikuwa amelewa chakari, kama mwaka mmoja nyuma. Akaongeza kwamba hakuwa amedanganya, ni wao hawakuuliza swali sahihi.

Lakini angalieni kilichomfikisha hapo, maana hapa ndipo "lisemwalo lipo" inapotupoteza. Tetesi hazikumfikisha popote. Zilivuma Mei, Juni, Julai, Agosti, naye akaendelea kukata riboni. Kilichobadilisha mambo ni maombi yaliyopelekwa mahakamani na wanasheria wa vyombo vya habari.

Utaratibu wa Kanada ni huu. Polisi akitaka hati ya upekuzi lazima aape maandishi kwa jaji au hakimu, aeleze ana nini, amekipata wapi, na kwa nini anaamini atakuta ushahidi. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Kanada ya mwaka 1982 katika shauri la MacIntyre kutoka Nova Scotia, msimamo ni kwamba upekuzi ukishafanyika na kitu kikapatikana, maandishi yale ni mali ya umma isipokuwa serikali ioneshe sababu nzito ya kuyafunga. Mzigo uko kwa anayetaka kufunga. MacIntyre mwenyewe alikuwa mwandishi wa televisheni aliyeomba kuona hati za upekuzi.

Lisi alipokamatwa Oktoba 1 kwa kesi ya dawa, magazeti yakaomba kiapo cha upekuzi ule kifunguliwe. Waendesha mashtaka walitaka sehemu nyingi zibaki zimefungwa. Jaji Ian Nordheimer akaamuru kurasa zitolewe, majina ya baadhi ya watu yakiwa yamefunikwa wino mweusi. Oktoba 31 asubuhi waandishi wakapokea karibu kurasa 500. Siku hiyo hiyo Mkuu wa Polisi, Bill Blair, akaita mkutano na kutangaza kwamba video imepatikana, na kwamba kilichomo kinalingana na kile kilichokuwa kimeandikwa na vyombo vya habari. Akasema pia, na sentensi hii ilipita masikioni mwa watu kama upepo, kwamba ndani ya video hamna kinachotosha kumfungulia meya mashtaka.

Huko nje watu waliposikia "video ipo" wakadhani mchezo umekwisha. Kwa mpelelezi, video ya mtu anavuta kitu kwenye kiko haithibitishi kilichomo ndani ya kiko. Huwezi kupeleka moshi wa kwenye skrini maabara. Unahitaji dawa yenyewe, au shahidi aliyekuwepo aliye tayari kuapa, au mshukiwa azungumze. Ford aliombwa na polisi azungumze nao, na kwa ushauri wa mwanasheria wake alikataa, kama ilivyo haki ya mtu yeyote.

Kingine ambacho hakikutabiriwa na mtabiri hata mmoja: kura ya maoni ya kampuni ya Forum Research iliyopigwa baada ya tangazo la Blair ilionyesha wanaomuunga mkono Ford wamepanda kutoka asilimia 39 hadi 44. Wale ambao tangu Mei walishaamua kwamba ni njama, tangazo la polisi liliwathibitishia njama. Miezi ya tetesi ilikuwa imeshawapanga watu, na ushahidi ulipokuja ukamkuta kila mmoja ameshakaa kwenye kiti chake.

---

Mchangiaji: Njama haikuwepo kweli? Blair na Ford si walikuwa na bifu la bajeti?

---

Swali zuri, na si la kupuuza. Ford aliingia madarakani akizitaka idara zote zipunguze matumizi kwa asilimia 10, polisi wakiwemo, na Blair akapinga. Kaka yake meya, Doug Ford, ambaye alikuwa diwani, alimshambulia Blair hadharani kwa muda mrefu. Agosti 2014 alifika mahali pa kudai kwamba Blair anavujisha habari za uchunguzi ili kulipiza kisasi. Blair akamwandalia kesi ya kashfa, na Doug akaomba radhi. Mwezi huo huo Blair akaomba Polisi wa Jimbo, OPP, wausimamie uchunguzi ili asiwepo wa kusema ni ugomvi wake binafsi. Mwaka uliofuata Blair akawa mbunge kwa tiketi ya Liberal na baadaye waziri, na wafuasi wa Ford wakasema: mnaona?

Maoni yangu: Blair alikosea jambo moja kwenye ule mkutano wa Oktoba 31. Aliulizwa anajisikiaje akasema kama mkazi wa Toronto amesikitishwa. Mkuu wa polisi anayechunguza meya hana ruhusa ya kusikitika mbele ya kamera. Neno lile moja liliwapa watetezi wa Ford chakula cha mwaka mzima. Kosa la ulimi, lakini, halifuti diski, wala halikuandikwa kwenye kile kiapo cha upekuzi. Ndiyo maana nasisitiza nyaraka: njama unaipima kwa kusoma kilichoapwa na nani alikisema. Sura ya mkuu wa polisi kwenye televisheni haikupi kipimo hicho.

Na kuhusu mauaji ya yule kijana wa kwenye picha: mtu mmoja alikiri mahakamani kosa la kuua bila kukusudia mwaka ule ule. Meya hakuwahi kushtakiwa kwa lolote kuhusu kifo kile. Lile simulizi la kwenye basi lilikufa hivyo, kimya kimya, na sikusikia aliyelisambaza akienda kuomba radhi kwa mama wa marehemu.

---

Mchangiaji: Umesema walioumia hawakuwa wakubwa. Fafanua.

---

Dixon, mkuu.

Ni mlolongo wa maghorofa sita karibu na uwanja wa ndege, na Wasomali ni wengi pale tangu miaka ya vita vya nyumbani kwao. Wengi walipita Kenya kwanza. Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wanne, alikulia Eastleigh na Kiswahili chake ni cha Nairobi kabisa. Tulikuwa tukisalimiana kituo cha basi kila asubuhi.

Habari za kwanza za Toronto Star ziliwataja waliokuwa na video kama Wasomali, neno likarudiwa na kurudiwa. Jumuiya ikalalamika, na kwa haki: kabila la muuzaji lilikuwa linaongeza nini kwenye habari ya meya? Baada ya hapo kijana wa Dixon hakuwa tena kijana wa Dixon. Yule mama alinieleza jinsi mwanawe mkubwa alivyoanza kuulizwa na wenzake kazini, wengine kwa utani na wengine wakimaanisha, kama anayo video. Alikuwa anapakia mizigo ghalani usiku na kusoma mchana. Kisha ikaja alfajiri ya Juni 13, milango ikavunjwa ghorofa baada ya ghorofa, wazee wakatolewa kitandani. Waliokuwa na bunduki kweli walistahili kukamatwa, hilo sibishi, na wakazi wa Dixon ndio walioteseka zaidi na bunduki hizo. Lakini tazameni hesabu ya mwisho. Vijana wa pale walilala rumande. Meya hakulala rumande hata usiku mmoja.

Na magazeti ya kigeni yalipokuja kupiga picha, yalipiga picha maghorofa.

Yule mama alihama mwaka uliofuata. Aliniambia amechoka kuona mtaa wake kwenye televisheni.

---

Mchangiaji: Madiwani kwa nini hawakumpigia kura ya kumtoa?

---

Sheria haikuwapa nguvu hiyo. Kwetu Tanzania meya anachaguliwa na madiwani wenzake, kwa hiyo waliomweka wana njia ya kumwondoa. Toronto meya anapigiwa kura na wananchi moja kwa moja, na sheria ya Ontario haikuweka kura ya kutokuwa na imani. Angeondoka kwa kufungwa jela baada ya kutiwa hatiani, au kwa kukosa vikao muda mrefu, na sababu nyingine chache za namna hiyo.

Madiwani wakafanya walichoweza. Novemba 15 walipiga kura 39 kwa 3 kumpunguzia mamlaka, wiki iliyofuata wakaendelea, bajeti ya ofisi yake na watumishi wengi wakahamishiwa kwa naibu meya, Norm Kelly. Ford akabaki na cheo na mkufu. Mwisho wa Aprili 2014, ilipojitokeza video nyingine, akaenda kwenye matibabu ya ulevi akarudi mwisho wa Juni. Septemba wakamkuta na uvimbe tumboni, akajitoa kugombea umeya, Doug akachukua nafasi yake na kushindwa na John Tory. Rob mwenyewe aligombea udiwani kutoka kitanda cha hospitali akashinda. Saratani ikamchukua Machi 22, 2016, akiwa na miaka 46.

---

Mchangiaji: Na video yenyewe iliishia wapi? Watu waliiona?

---

Waliiona Agosti 2016, miezi kadhaa baada ya yeye kufa. Lisi alikuwa ameshtakiwa pia kwa kutumia vitisho ili aipate video ile, na muda wote kesi ilipokuwa hai mahakama iliifunga video kama kielelezo. Mashtaka yale yalipoondolewa, ikatolewa kwa vyombo vya habari siku hiyo hiyo. Ni fupi, ya Februari 2013. Niliitazama mara moja. Ni mgonjwa ameketi kwenye chumba cha watu, anaongea maneno yasiyoshikana, na anayempiga picha anamchokoza aendelee. Wale waandishi wawili wa Star walikuwa wameielezea sawasawa kutoka kwenye kumbukumbu ya vichwa vyao, miaka mitatu nyuma, wakati nusu ya jiji likiwaita waongo.

Kwa anayetaka kulifuata jambo hili, anzeni na kile kiapo cha upekuzi cha Brazen 2, kurasa zilizotolewa Oktoba 31 na zile za nyongeza za Novemba 13, 2013. Zile za Novemba zina mahojiano ya waliokuwa wasaidizi wa ofisi ya meya, na ndizo zenye uchungu zaidi, kwa sababu ni watu waliompenda. Kumbukeni tu kwamba kilichomo ni madai yaliyoapwa na polisi. Mengi hayakuwahi kuhojiwa mbele ya jaji.

Kama kuna mtu humu aliyekuwa Dixon wakati ule, au aliyefuatilia kesi za Traveller zilivyoamuliwa kwa kila kijana, naomba alete hapa. Sehemu hiyo ya uzi haijaandikwa ipasavyo na mtu yeyote niliyemsoma.